Pampu ya nozeli mbili baada ya miaka mitatu: tathmini kwa kipimo cha sheria

Pampu ninayoitathmini hapa ina nozeli mbili, moja ya petroli na nyingine ya dizeli. Ndani yake mna mita za pistoni, na usoni ina kioo kinachoonyesha lita, bei ya lita moja na jumla ya fedha. Nimeisimamia katika kituo cha mafuta kwa miaka mitatu, tangu siku ilipofungwa, na katika muda huo imehakikiwa na wakaguzi wa vipimo mara nne. Aliyetuuzia aliisifu kwa kasi yake, kwa mwanga wa kioo chake na kwa uimara wa rangi yake, na sifa hizo zote ni za kweli. Hata hivyo, pampu inayouza mafuta kwa umma ni mizani kama ilivyo mizani ya sokoni, tofauti ikiwa tu kwamba mnunuzi haoni kile kinachopimwa. Kwa hiyo nimeipima kwa swali moja: je, inatoa lita inayosema inatoa, na je, inamwezesha mtu asiye fundi kuthibitisha kwamba hakuna aliyeichezea?

Katika miaka ya mwanzo ya magari, pampu nyingi zilikuwa na silinda ya kioo juu kabisa, ambamo mafuta yalipandishwa kwanza hadi kwenye alama, mnunuzi akayaona kwa macho yake, kisha yakateremka kwenye tangi la gari. Silinda hizo zilipoondoka, mahali pake palichukuliwa na mita iliyofichwa ndani ya sanduku la bati, na kazi ya jicho la mnunuzi ikahamia kwa sheria. Ndiyo maana nilipofunguliwa kifurushi cha pampu hii kitu cha kwanza nilichokitafuta hakikuwa kitabu cha maelekezo, bali kibao kidogo cha chuma kilichopigwa ubavuni, kwa sababu hicho ndicho kinachoeleza chombo hiki kimeruhusiwa kufanya nini.

Kibao cha pampu yetu kinasomeka vizuri, hakijafifia hata baada ya miaka mitatu ya jua na mvua, na hilo nalihesabu kuwa sifa. Kina namba ya cheti cha kuidhinishwa kwa aina yake, namba ya pampu yenyewe, daraja la usahihi 0.5, mtiririko wa juu wa lita 40 kwa dakika, mtiririko wa chini wa lita 4 kwa dakika, na kiasi cha chini kabisa cha kupimwa, ambacho ni lita 2. Wanunuzi wengi wa pampu huvipita vipengele hivi, wakidhani kwamba cheti cha aina kinatosha. Hakitoshi. Cheti cha aina huthibitisha kwamba muundo huu ulijaribiwa maabara ukafaulu. Uhakiki ndio unaothibitisha kwamba pampu hii moja, iliyofungwa hapa, kwenye bomba hili, inapima sawasawa. Pampu yenye cheti cha aina lakini isiyo na lakiri ya uhakiki, yaani muhuri ambao mkaguzi huufunga ili ijulikane kama chombo kimefunguliwa, haina ruhusa ya kuuza hata lita moja.

Kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi zina chimbuko lake katika Pendekezo namba 117 la Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, OIML, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1955 na lenye ofisi yake Paris. Pendekezo hilo linazipa pampu za kujazia magari daraja la 0.5, maana yake ni kwamba kosa la juu linaloruhusiwa kwa mfumo mzima ni asilimia 0.5 kwenda juu au kwenda chini, ilhali mita peke yake, ikijaribiwa nje ya mfumo, hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.3. Umoja wa Ulaya umeyaingiza masharti ya namna hiyo katika Maelekezo yake namba 2014/32, na Marekani ina mwongozo wake, Kitabu cha Mkono namba 44, unaotaka pampu mpya iwe ndani ya asilimia 0.3 na iliyo kazini iwe ndani ya asilimia 0.5. Kwa kipimo cha lita 20, ambacho ndicho wakaguzi hukitumia zaidi, asilimia 0.5 ni mililita 100, karibu nusu ya glasi ya maji. Kila msimamizi wa kituo anapaswa kuikumbuka namba hiyo.

Uhakiki wa kwanza ndio ulionifunza mengi kuliko miaka yote iliyofuata. Mkaguzi alikuja na kopo la chuma cha pua la lita 20, lenye shingo nyembamba na kioo kilichochorwa mistari ya mililita. Kabla ya kupima lolote alilijaza na kulimwaga, akaliinamisha, akaliacha lichuruzike kwa sekunde 30, kwa sababu kopo hilo husahihishwa likiwa limeloa, na likipimiwa likiwa kavu, mafuta yanayobaki yamegandamana na kuta zake yataifanya pampu ionekane imepunja kumbe haikupunja. Kisha akalisawazisha kwa pima maji, akajaza kwa kasi kamili, akasoma, akarudia, halafu akajaza polepole akiwa amebana kifyatulio nusu tu. Dizeli ilitoa upungufu wa mililita 10 kwa kasi kamili na ziada ya mililita 10 kwa mwendo wa polepole. Petroli ilitoa upungufu wa mililita 60 kwa kasi kamili na 30 kwa mwendo wa polepole.

Fundi aliyeifunga pampu alifurahi na kuanza kukusanya vifaa vyake, kwa kuwa 60 ni ndogo kuliko 100. Mkaguzi alimzuia. Alisema kwamba asilimia 0.5 ni nafasi iliyowekwa kwa ajili ya udhaifu wa chombo, wala si fungu la muuzaji, na kwamba kama pampu inaweza kurekebishwa ikasoma sifuri, basi irekebishwe isome sifuri. Kwanza nilidhani ni ukali wake binafsi. Baadaye nilisoma na kukuta kwamba jambo hilo limeandikwa waziwazi: Maelekezo ya Ulaya yanakataza mfumo wa kupima kuitumia vibaya nafasi ya kosa au kupendelea upande mmoja mfululizo, na mwongozo wa Marekani unamtaka mwenye chombo anapokirekebisha akisogeze karibu na sifuri kadiri iwezekanavyo, na tena unawaruhusu wakaguzi kulitazama kundi zima la pampu za kituo kimoja na kuuliza kwa nini zote zimeegemea upande wa mwenye kituo.

Hesabu yake si ngumu. Upungufu wa mililita 60 katika lita 20 ni asilimia 0.3, na asilimia 0.3 ya lita 10,000 ni lita 30 ambazo wanunuzi wamezilipia bila kuzipata. Hakuna mnunuzi mmoja ambaye angeweza kulitambua hilo, kwa sababu kwa kila mmoja ni vijiko vichache tu. Naona hapa ndipo penye uzito wa sheria nzima ya vipimo: inamlinda mtu dhidi ya hasara ambayo yeye peke yake hana njia ya kuiona. Fundi alifungua programu ya marekebisho, akabadilisha kigezo cha petroli, yaani namba ambayo kompyuta ya pampu huitumia kugeuza mzunguko wa mita kuwa lita, na jaribio la mwisho likasoma sifuri kwa kasi kamili na ziada ya mililita 20 kwa mwendo wa polepole. Kwa upande huu pampu ninaipa alama za juu, kwani marekebisho yalifanyika kwa hatua ndogo sana na yakatulia palepale, tofauti na mita za zamani za gurudumu la meno ambazo fundi aliziviringisha kwa kubahatisha.

Sasa nirudi kwenye zile lita 2 za kibaoni, kwa sababu kasoro kubwa ya pampu hii iko hapo. Kiasi cha chini cha kupimwa ni mpaka ambao chini yake mtengenezaji hatoi ahadi ya usahihi uliotajwa. Hata kwenye mpaka wenyewe sheria inaruhusu kosa lililo maradufu kwa uwiano, yaani mililita 20 katika lita 2, ambayo ni asilimia 1. Sababu zake ni za kimaumbile: mwanzoni mwa kila mauzo bomba la mpira hutanuka kidogo shinikizo linapoingia, vali hufunguka, na kila ucheleweshaji mdogo huwa na uzito mkubwa kama kiasi chenyewe ni kidogo. Mtu anayejaza lita 40 hahisi chochote. Mwenye pikipiki anayenunua lita moja, na akanunua hivyo kila siku kwa kuwa ndivyo mfuko wake unavyomruhusu, ananunua mafuta katika eneo ambalo chombo kina ahadi hafifu kuliko penginepo.

Nililijaribu hili mwenyewe kwa kopo la lita 2 lililosahihishwa. Kwa petroli, katika majaribio kumi, matokeo yalicheza kati ya upungufu wa mililita 12 na ziada ya mililita 9, yote ndani ya sheria, lakini yakiwa yametawanyika zaidi kuliko nilivyopenda. Upungufu ulijitokeza hasa pale pampu ilipokuwa imekaa muda mrefu bila kutumika. Mtengenezaji angeweza kuweka vali bora zaidi ya kuzuia mafuta kurudi nyuma, au bomba lisilotanuka sana, na ninaamini anayeuza pampu kwa vituo vinavyohudumia pikipiki analazimika kulifikiria hilo. Sisi tumebandika maandishi makubwa ya kiasi cha chini karibu na nozeli, kwa sababu maandishi ya kibao hayafikii macho ya mnunuzi, na tumewaelekeza wahudumu waikate ile tabia ya kubana na kuachia kifyatulio mara nyingi katika mauzo madogo.

Katika mambo mengine ya ndani pampu imekuwa nzuri. Kitenganishi chake cha hewa kimefanya kazi bila kulalamikiwa, na hili si jambo dogo, kwa kuwa mita ya pistoni haina njia ya kutofautisha kati ya lita ya petroli na lita ya hewa: chochote kinachozisukuma pistoni huhesabiwa na kulipiwa. Tangi linapokaribia kwisha, au bomba la kuvutia linapovuja kwenye kiungo, hewa huingia, na kazi ya kitenganishi ni kuitoa kabla haijafika kwenye mita. Bomba lake la mpira hubaki limejaa baada ya mauzo, kama kanuni zinavyotaka, ili mnunuzi anayefuata asilipie kulijaza. Na nozeli ikisharudishwa mahali pake haiwezekani kabisa kuendelea kuuza mpaka kioo kirudi sifuri; tulijaribu kuidanganya kwa kurudisha na kunyanyua haraka, ikakataa kila mara.

Kioo chenyewe kina tarakimu kubwa na huonyesha bei ya lita kabla ya mafuta kuanza kutoka. Jumla ya fedha imekuwa sawa na zao la lita na bei katika kila risiti niliyoikokotoa. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, kioo hubaki kikisomeka kwa betri muda wa kutosha mtu kulipa bila ubishi. Lawama yangu ni kwamba jua la jioni likikipiga upande wa magharibi, tarakimu hufifia, na mnunuzi hulazimika kukinga kwa mkono ili asome. Chombo cha biashara lazima kisomeke na mnunuzi akiwa mahali pake pa kawaida, kwa hiyo tulilazimika kukijengea kivuli.

Nifikie sasa jambo la lakiri. Pampu ina lakiri za waya na risasi mahali patatu kwa kila upande: kwenye mita, kwenye kifaa kinachotuma mapigo ya umeme kutoka mita kwenda kompyuta, na kwenye sanduku la kompyuta. Zaidi ya hizo ina kaunta ya marekebisho, namba inayopanda kila kigezo cha kipimo kinapoguswa, na ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Wizi wa kisasa haufanyiki kwa kulegeza mita. Mwaka 2017, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, polisi walikuta vituo vilivyokuwa vimefunga vidude vya elektroniki ndani ya pampu ili kioo kihesabu mafuta ambayo hayakutoka. Kidude cha namna hiyo huhitaji kupachikwa kati ya mita na kompyuta, na ndiyo sababu lakiri ya kifaa cha mapigo ina thamani sawa na ile ya mita.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza petroli ilianza kudondoka kutoka kwenye mfuniko wa mita. Kampuni ya ufundi tuliyoiita ilimtuma kijana mwenye ujuzi mzuri wa mikono, ambaye alibadilisha gasketi kwa muda wa saa moja, lakini akaikata lakiri ya mita bila kumwarifu mtu yeyote, akaondoka. Niliigundua jioni. Katika sheria nyingi za vipimo, lakiri ikikatwa, hata kwa nia njema, uhakiki umekufa na chombo hakiruhusiwi kuuza hadi kihakikiwe upya. Tuliifunga nozeli ya petroli kwa siku tisa tukimsubiri mkaguzi, na hasara ilikuwa yetu. Sikulalamikia sheria wakati ule, na hata sasa siilalamikii, kwa sababu mnunuzi hana namna ya kupambanua lakiri iliyokatwa na mwaminifu na lakiri iliyokatwa na mwizi. Nilichokilalamikia ni muundo: waya wa lakiri ya mita umepitishwa kwenye boliti zilezile zinazoshika mfuniko wa gasketi, hivyo tengenezo dogo kabisa la uvujaji haliwezekani bila kuikata. Pampu nyingine nilizoziona huufunga mfuniko wa kurekebishia peke yake na kuacha sehemu za ukarabati wa kawaida zikiwa huru.

Hapo ndipo kaunta ilipotuokoa na shaka. Cheti cha uhakiki wa kwanza kilikuwa kimeandika kwamba kaunta ya petroli ilisoma 2, na mkaguzi alipofika aliikuta ikisoma 2. Hiyo ilimaanisha kwamba kigezo cha kipimo hakikuguswa, na jaribio la kopo lilithibitisha hivyo kwa upungufu wa mililita 10 tu. Tangu siku ile namba za kaunta na namba za lakiri tunaziandika daftarini kila asubuhi, pamoja na jumla ya lita kutoka kwenye kaunta isiyofutika ya mauzo, ambayo tunailinganisha na kijiti cha kupimia tangi. Kituo kisichoweka daftari kama hilo kinaweza kupunjwa na pampu yake kwa miezi kadhaa pasipo kujua.

Kuna wanaoshauri kwamba mtu anunue mafuta alfajiri, yakiwa baridi na mazito. Petroli kweli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, na dizeli kidogo chini ya hapo, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 10 inazidi kosa lote linaloruhusiwa. Lakini mafuta katika tangi la chini ya ardhi hayabadiliki joto kati ya asubuhi na mchana kwa kiasi cha kumnufaisha anayedamka. Tofauti hutokea kati ya misimu na kati ya lori la mafuta na tangi, na baadhi ya nchi, Kanada ikiwemo, huruhusu pampu zinazobadilisha lita kuwa lita za nyuzi 15 za Selsiasi. Pampu yetu haina kifaa hicho, na sikioni kuwa upungufu, mradi kila mtu anajua kwamba anauziwa lita ya joto lililopo.

Mwaka wa pili petroli ilionyesha ziada ya mililita 30, na mwaka wa tatu ziada ya 70. Huko ndiko mita za pistoni huelekea kwa kawaida: mpira wa pistoni ukilika, mafuta hupenya pembeni bila kuhesabiwa, na anayepoteza ni mwenye kituo. Bado tulikuwa ndani ya mililita 100, na hakuna aliyetulazimisha kurekebisha. Niliomba irekebishwe kwa hoja ileile aliyoitumia mkaguzi siku ya kwanza, naye alikubali papo hapo, akatutaka pia tubadilishe mipira ya pistoni kabla ya uhakiki ujao, kwa kuwa kigezo kinaweza kuficha uchakavu lakini hakiwezi kuuondoa.

Kwa anayefikiria kununua pampu ya aina hii, ningeinunua tena kwa kituo kinachouza zaidi kwa magari na malori, na ningesita kwa kituo cha pikipiki hadi mtengenezaji aboreshe bomba na vali. Dizeli, kwa miaka yote mitatu, haijatoka nje ya mililita 20. Petroli imerudishwa sifuri, mipira mipya imeagizwa, na kaunta yake, ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuomba kuonyeshwa pamoja na cheti, sasa inasoma 3.